Kilio cha haja na kilio cha mazoea: namna ya kumlaza mbwa hadi asubuhi

Nina daftari moja la mistari, lenye jalada la bluu, ambalo ukurasa wake wa kwanza unasomeka hivi: "Saa 5:40 analia. Saa 7:15 analia, nimetoka naye, hakukojoa. Saa 8:00 analia, kakojoa jikoni. Saa 9:50 analia. Saa 11:05 nimekata tamaa, nimekaa naye sakafuni." Huyo ni Chonjo, katika wiki yake ya kwanza kwetu, akiwa na umri wa wiki 8. Jina alipewa na binti yangu wa miaka tisa kwa sababu masikio yake yalikuwa yamesimama muda wote. Tungejua yatakayotupata, tungemwita Usingizi.

Leo Chonjo analala tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mimi pia. Ilinichukua karibu miezi mitatu kufika hapo, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kufuta niliyomfundisha mwenyewe siku saba za mwanzo bila kujua kwamba ninafundisha.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilio cha mbwa usiku ni kitu kimoja. Ni viwili. Kipo kilio cha haja, na haja hapa ina maana zake zote mbili: mbwa anataka kujisaidia, au anahitaji kitu cha kweli, kama joto, mwenzake, au daktari. Na kipo kilio cha mazoea, cha mbwa ambaye hana shida yoyote ila amejifunza kwamba akilia mlango hufunguka. Ukimnyamazia mwenye haja unamtesa. Ukimkimbilia mwenye mazoea unamlipa mshahara. Kazi yote ni kuvitofautisha, na saa nane za usiku, macho yakiwa yamevimba, si wakati mzuri wa kuanza kutofautisha. Ndiyo maana ya daftari.

Andika kwanza

Kabla ya kubadili chochote, andika kwa siku tatu au nne mfululizo. Andika saa: alikula saa ngapi, alikunywa maji mara ya mwisho saa ngapi, alikojoa lini, alilala lini mchana, aliamka lini usiku, na wewe ulifanya nini. Hilo la mwisho ndilo watu hulificha. Hata mimi nililificha. Pana mahali nimeandika "nimemtuliza" wakati ukweli ni kwamba nilimpa maziwa, na kesho yake akaharisha, kwa sababu mbwa wengi tumbo lao haliyawezi maziwa ya ng'ombe.

Baada ya siku hizo mambo huanza kujionyesha. Anayeamka saa ileile kila usiku, hata uwe umemlisha na kumtoa nje kwa nyakati tofauti, mara nyingi anaamshwa na kitu cha nje au na mazoea. Anayeamka muda fulani baada ya kunywa maji mengi anaamshwa na kibofu. Anayelala, akasimama, akazunguka, akalala tena upande mwingine, na ukimtoa nje hana analotaka, huenda anaumwa au anawashwa. Mpapase mwili mzima, fukua manyoya nyuma ya masikio na kwenye shina la mkia utafute viroboto na kupe. Na mbwa aliyelala vizuri miaka yote, kisha akabadilika ndani ya wiki moja, huyo usimfundishe kitu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba usingizi wa mbwa haufanani na wetu. Sisi hulala kipande kimoja kirefu. Mbwa hulala vipande vifupi vifupi: anaamka, anainua kichwa, anasikiliza, anageuka, analala. Mbwa mkubwa hulala takriban saa 12 hadi 14 kwa siku nzima, na mtoto wa mbwa saa 18 hadi 20. Kwa hiyo hutafuti mbwa asiyeamka usiku, kwa sababu hayupo. Unatafuta mbwa ambaye akiamka na asione shida, anajilaza tena bila kukuita.

Mtoto wa mbwa: upweke na kibofu

Kijibwa cha wiki 8 kimelala maisha yake yote kikiwa kimebanana na ndugu zake, mgongo kwa tumbo. Siku unapokichukua, joto lile, harufu ile na pumzi zile vinaondoka kwa mpigo. Mimi nilimwekea Chonjo blanketi zuri jikoni, nikazima taa, nikafunga mlango. Alianza kulia kabla sijafika chumbani.

Mjomba wangu, ambaye amefuga mbwa tangu ujana wake, aliniambia kwenye simu: "Mwache alie, mpwa wangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nikamtii. Usiku wa pili nikakaa kitandani nimejifunika mto kichwani. Dakika 40 nilivumilia. Ya 41 nikashuka, nikakuta amekojoa, ameukanyaga mkojo, anatetemeka. Nikamfuta, nikambeba, nikambembeleza. Usiku wa tatu akalia dakika 40 bila kupumzika hata kidogo, kana kwamba ana saa mkononi. Nilikuwa nimemtajia bei ya kufunguliwa mlango, naye alikuwa tayari kuilipa.

Methali ya mjomba si ya uongo. Ina mahali pake, na nitaifikia. Lakini haimhusu mtoto wa miezi miwili aliyejaa mkojo katika chumba kigeni.

Tuliposhindwa, mke wangu ndiye aliyesema neno la maana: "Kama analia kwa kuwa yuko peke yake, si asiwe peke yake?" Tukaleta kizimba chumbani, tukakiweka kando ya kitanda upande wangu, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono vidole vinafika kwenye waya. Usiku huo alilia mara tatu badala ya kulia mfululizo, na mara mbili alinyamaza niliponing'iniza mkono tu.

Kizimba kiwe na nafasi ya kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala akiwa amenyoosha miguu. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, mtoto wa mbwa hutumia pembe moja kuwa choo na nyingine kuwa kitanda, ilhali ukubwa wa kutosha tu humfanya ajizuie, kwa kuwa mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ndani weka kitambaa chenye harufu ya mama yake ukiweza kukipata ulikomchukua. La sivyo, fulana yako uliyoivaa mchana kutwa bila kuifua. Anza kumzoesha mchana: mlishe humo mlango ukiwa wazi, tupia vipande vya chakula aingie na kutoka apendavyo, kisha funga kwa dakika moja, tano, kumi. Asikutane na mlango uliofungwa kwa mara ya kwanza usiku. Wala usimfungie humo kwa kumwadhibu, hata siku alipotafuna kiatu cha mgeni. Nusu saa ya hasira yako inaweza kukugharimu mwezi.

Kama huna kizimba, boksi refu la kadibodi au kona iliyozibwa inatosha kwa wiki za mwanzo. Kinachofanya kazi ni ukaribu.

Si lazima alale chumbani maisha yake yote, ingawa Chonjo bado yumo na sioni aibu. Ukitaka ahamie kwingine, subiri kwanza alale vizuri kwa wiki mbili, kisha sogeza kitanda chake hatua moja kuelekea mlangoni, mwache hapo siku mbili tatu, sogeza tena. Akianza kulia, umekwenda haraka. Rudi hatua moja.

Kuhusu kibofu, wafugaji wana hesabu rahisi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia. Wa miezi miwili, saa tatu hivi. Akilala hufika mbali kidogo, kwa sababu mwili uliolala hutengeneza mkojo mchache. Ni makadirio tu, na mbwa wa aina ndogo huchelewa zaidi. Wengi huweza kufika asubuhi mahali fulani kati ya miezi minne na sita. Kabla ya hapo, kumtoa usiku ni haki yake, na anayekwambia ni deko hajawahi kuwa na kibofu cha ukubwa ule.

Safari ya saa nane

Hapa ndipo nilipojifunza hila iliyonisaidia kuliko zote: mtangulie. Daftari lilinionyesha kwamba Chonjo anaamka kwa haja karibu saa 8 usiku. Nikatega simu saa 7:30. Nikaamka yeye akiwa bado amelala, nikamtoa, akakojoa, akarudi. Kilio hakikutokea, kwa hiyo hakikulipwa. Baada ya siku nne za mafanikio nikasogeza hadi saa 7:45, kisha 8:00, kisha 8:15, dakika 15 kila baada ya siku chache. Kila nilipomkuta ameshaamka analalamika, nilirudi nyuma dakika 15 na kutulia hapo. Wakati fulani simu ilifika saa 10 alfajiri, na siku moja nikaizima. Akalala hadi saa 12.

Safari yenyewe iwe ya kuchosha kupindukia. Usiwashe taa kubwa. Tochi ndogo ikimulika chini inatosha. Mfunge kamba hata kama una ua uliozungushwa, maana mbwa asiye na kamba usiku hugeuka mwindaji wa panya. Nenda mahali palepale kila mara, kwa sababu harufu ya jana itamkumbusha alichokuja kufanya. Simama kama mti. Usimwongeleshe. Akimaliza, msifu kwa neno moja la chini, rudini moja kwa moja. Zikipita dakika tano hajafanya kitu, rudini vilevile. Binti yangu alitaka sana kushiriki safari hizi. Nilimruhusu mara moja, wakacheka wote wawili gizani, na usiku uliofuata Chonjo aliamka saa 6 akitikisa mkia. Alidhani tumeanzisha mchezo mpya.

Akikojoa kizimbani, safisha bila kelele. Tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya kama unayo, kwa kuwa sabuni ya kawaida humwondolea binadamu harufu lakini pua ya mbwa bado inaisoma, na akiisoma atarudia.

Usiku huandaliwa mchana

Kila siku saa 1 jioni Chonjo alikuwa anashikwa na wazimu. Anazunguka meza kwa mbio, anang'ata pindo za suruali, anabwekea kiti. Nikawaza: ana nguvu nyingi, ngoja nimchoshe. Nikamrushia mpira nusu saa. Akazidi. Nikaongeza. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko yote yaliyomo daftarini.

Nilikuwa nimesoma dalili kinyumenyume. Mtoto wa mbwa aliyechoka kupita kiasi hafanani na mtu aliyechoka. Anafanana na mlevi. Chonjo alikuwa anashinda macho mchana kutwa kwa sababu nyumba ina watoto, na kila aliposinzia palikuwa na mtu wa kumwamsha. Dawa ilikuwa kumlaza mchana. Akiwa macho saa moja hivi, nilimrudisha kizimbani kwa saa moja na nusu au mbili, pazia limeshushwa, watoto wamekatazwa kumkaribia. Usingizi wa saa 10 hadi 12 jioni ndio uliomaliza wazimu wa saa 1. Kama una mtoto wa mbwa na utabadili jambo moja tu kati ya haya yote, badili hilo.

Mbwa mkubwa ana tatizo la kinyume. Huyu analala mchana kutwa kwa kukosa la kufanya, na usiku anaanza maisha yake. Anahitaji mwendo wa kweli, na zaidi ya mwendo anahitaji kutumia pua. Mimi humtawanyia sehemu ya chakula cha jioni kwenye nyasi, aitafute punje kwa punje. Dakika 15 za kunusa humlegeza Chonjo kuliko saa nzima ya kukimbiza mpira. Tembea naye akinusa apendacho badala ya kumvuta. Mbio na mieleka viishe angalau saa mbili kabla ya kulala. Baada ya hapo mpe kitu cha kutafuna au kulamba, maana kutafuna na kulamba humtuliza mbwa.

Ratiba yetu ni hii, nawe utaisogeza kulingana na nyumba yako. Chakula cha mwisho saa 12 jioni, ili tumbo lipate saa tatu nne za kufanya kazi na haja kubwa itoke kabla ya kulala. Bakuli la maji naliondoa saa 2:30 usiku, lakini hilo ni kwa mbwa mzima wa afya tu. Siku za joto kali haliondoki, na mbwa mgonjwa au mzee haondolewi maji kamwe. Saa 2:30 hiyohiyo anapata cha kutafuna. Saa 3:45 tunatoka mara ya mwisho, na hapa usimwamini kwa kukojoa mara moja. Watoto wa mbwa hukojoa nusu kisha wakasahau. Subiri, tembea kidogo, mpe nafasi ya pili. Saa 4 taa zinazimwa. Siku ya mapumziko pia.

Sasa methali ya mjomba

Tuseme mbwa wako ana mwaka mmoja. Amekula, amejisaidia, amechoka vizuri, hana ugonjwa, amelala mahali penye hewa, na bado saa 9 usiku anabweka hadi uamke. Ukitoka naye hakojoi, anakuangalia. Hicho ndicho kilio cha mazoea, na hapa ndipo mchelea mwana kulia atakapolia mwenyewe.

Dawa ni kuacha kulipa. Usiende, usiseme naye, na wala usimkaripie, kwa kuwa kwa mbwa aliye mpweke hata makaripio ni mazungumzo. Lakini jiandae kwa jambo moja ambalo huwaangusha wengi: kabla ya kuisha, kilio huzidi. Jambo lililokuwa likifanya kazi likiacha kufanya kazi, kila kiumbe hujaribu kwanza kwa nguvu zaidi, kama wewe unavyobonyeza swichi mara tano umeme ukikatika. Usiku wa pili au wa tatu unaweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza. Ukifungua mlango usiku huo, umemfundisha kulia kwa nguvu zaidi. Na ukivumilia siku nne kisha ukafungua ya tano, umeharibu zaidi kuliko kama usingeanza, maana sasa anajua kwamba malipo huja bila kutabirika, na malipo yasiyotabirika ndiyo yanayomfanya kiumbe asikate tamaa. Kwa hiyo usianze wiki yenye mtihani wa mtoto au mgonjwa ndani ya nyumba. Waambie majirani mapema. Kubalianeni watu wote wa nyumbani, kwa sababu mmoja mwenye huruma ya siri anatosha kuvuruga. Kwetu mwenye huruma ya siri nilikuwa mimi.

Iko njia laini zaidi, na ndiyo niliyotumia mwishowe. Mbwa akinyamaza hata kwa sekunde kumi, ndipo nilipopita karibu na kumwambia neno moja. Polepole akagundua kwamba kimya ndicho kinacholeta mtu.

Tahadhari kubwa hapa. Mbwa anayetokwa mate, anayehema ilhali hakuna joto, anayekwaruza mlango hadi kucha zinavunjika au anayeng'ata waya hadi fizi zinatoka damu, huyo hana mazoea. Ana hofu, na hofu ni haja. Kumwacha alie hakumfundishi utulivu. Kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Mlete karibu usiku huohuo, na kesho yake zungumza na daktari wa mifugo, kwa kuwa hofu ya kuachwa ina matibabu.

Joto, giza na sauti

Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na hawezi kuhema na kulala fofofo kwa wakati mmoja. Chumba kikiwa na joto utamwona anaacha blanketi na kuhamia sakafuni. Msikilize, mwondolee blanketi. Mwenye manyoya mafupi au mwembamba huwa na shida ya kinyume kuelekea alfajiri, na sakafu ya saruji humnyonya joto, kwa hiyo inua kitanda chake kidogo.

Sikio lake husikia sauti nyembamba hadi takriban hezi 45,000, wakati letu huishia kama 20,000. Zipo sauti ndani ya nyumba yako ambazo hujawahi kuzisikia naye anazisikia kila usiku. Chonjo aliamka kila saa 9:20 kwa wiki mbili hadi tulipohamisha kizimba mbali na ukuta wenye bomba la maji. Sijui bomba lilikuwa likisema nini. Feni inayozunguka polepole huzifunika nyingi ya sauti hizo.

Anayeamka kabla ya jogoo

Mbwa kwa maumbile huchangamka zaidi alfajiri na machweo, kwa hiyo saa 11 kwake ni asubuhi halali. Pazia zito husaidia. Kinachosaidia zaidi ni kutenganisha kuamka na chakula. Ukimlisha mara tu anapofungua macho, tumbo litaanza kumwamsha mapema kila siku. Mtoe nje akojoe, mrudishe, kisha kaa nusu saa bila kumlisha. Halafu usogeze muda wa chakula kwa dakika kumi kila baada ya siku chache.

Mbwa mzee

Kabla ya Chonjo tulikuwa na Kobe, mbwa wa kilo 15 aliyeishi nasi miaka mingi na kulala kama gunia. Mwaka wake wa 12 akaanza kuniamsha mara mbili, kisha mara nne. Nikamkasirikia. Nikadhani ni ukaidi wa uzee, nikamwondolea maji ya usiku, jambo ambalo hadi leo sipendi kulikumbuka. Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu: anakunywa kiasi gani? Sikujua. Nikapima kwa chupa. Mbwa mwenye afya hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Ikipita 100, kuna jambo. Kwa Kobe, 100 ilikuwa lita moja na nusu. Alikuwa anakunywa karibu lita mbili. Figo zilikuwa zimechoka, haziwezi tena kubana mkojo, na kile nilichokiita ukaidi kilikuwa kiu.

Kwa hiyo mbwa wako mzee akianza kuamka, pima maji ya siku nzima, andika, na uende na karatasi hiyo kliniki. Chupa ya kupimia itakuokolea muda mwingi. Kisukari na maambukizi ya njia ya mkojo navyo huanza hivihivi, na baadhi ya dawa, hasa za jamii ya steroidi kama prednisoloni, huongeza kiu na mkojo. Uliza kama dozi inaweza kutolewa asubuhi.

Anayelalamika akijilaza au kuinuka huenda ana maumivu ya viungo. Godoro nene, mkeka usioteleza kati ya kitanda na mlango, na dawa aliyoandikiwa mbwa huyo. Usimpe paracetamol wala ibuprofen ya kabati lako, zinaweza kumuua. Hata vidonge vya usingizi vya watu usiguse bila daktari, kwani vingine hutiwa zailitoli, sukari mbadala inayoporomosha sukari ya damu ya mbwa ghafla.

Na wapo wazee ambao akili yenyewe hulegea: wanachanganya usiku na mchana, wanasimama upande usiofunguka wa mlango, wanajibana pembeni na kusahau namna ya kurudi nyuma. Huo ni ugonjwa unaojulikana, na daktari ana ya kusaidia. Nyumbani washa taa ndogo usiku, usihamishe samani, mtoe kwenye jua asubuhi ili mwili ukumbuke saa. Usimfungie kizimbani kama hajawahi kukizoea.

Kobe nilimtoa saa 6 na saa 9 kila usiku hadi mwisho wake. Sikuwahi kuandika safari hizo daftarini.

Akiota

Siku ya kwanza kumwona Chonjo akichezesha miguu usingizini, midomo ikitetemeka na kubweka kwa ndani kama aliye chini ya maji, nilidhani ana kifafa. Ni ndoto. Katika ndoto mwili ni laini, miguu inarukaruka kidogo, na akiitwa anaamka akiwa na akili zake. Kifafa hukakamaza mwili, mara nyingi mkojo hutoka, haamki akiitwa, na baadaye huwa amechanganyikiwa kwa muda. Hapo ondoa vitu vya kumgonga, usiweke mkono mdomoni mwake, hesabu dakika, umpigie daktari. Mwotaji usimguse, kwa kuwa mbwa aliyeshtuliwa anaweza kung'ata kabla ya kujua ni wewe. Mimi humwita Chonjo kwa sauti ya chini, mara moja. Hufungua jicho moja, hulifumba tena, nami nageukia ukutani.